Herufi Saba za Ignas

Wale mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti sebuleni kwangu, pedi ya gemu mkononi, jasho linanitoka. Ambaye hakuwepo namweleza kwa ufupi, maana yaliyobaki ni mazito kuliko yaliyopita.

Kaka yangu Ignas alifariki mwezi wa pili. Siku ya arobaini shangazi Esteria, aliyetulea baada ya mama kufariki, aligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu. Koti likaenda kwa binamu, baiskeli kwa shemeji, vitabu shuleni alikokuwa anafundisha. Mimi nikapewa mashine ya gemu, ile ya kizamani ya kuchomeka kaseti juu, pamoja na kaseti yake moja.

Ndani ya kaseti hiyo kuna jina: IGNAS. Kaka alihifadhi humo safari yake, saa arobaini na moja na dakika kumi na sita, amesimama mbele ya geti la mwisho. Niliapa kaburini kwamba hakuna mkono utakaoigusa.

Jumapili nikaiwasha nimwangalie tu, kama ninavyofanya kila Jumapili. Kioo kikaniandikia saa arobaini na tatu na dakika hamsini.

Marehemu alikuwa ameongeza saa mbili na nusu.

Mtu mzima hatoki jasho kwa sababu ya gemu, najua mnavyosema. Basi nisikilizeni kwanza.

Mashine hiyo tuliipata tukiwa wadogo, kwa bruda mmoja wa karakana ya misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kaseti ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo tuliicheza mpaka tukawa wenyeji wa mji uliomo ndani yake. Ni mji wa miaka ijayo, maghorofa ya chuma na mvua isiyokatika, na kila kitu ni mali ya makampuni. Lakini wachawi wamo. Mtu anarusha moto kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anachomeka waya shingoni mwake aingie ndani ya kompyuta za watu. Mkurugenzi wa kampuni kubwa kuliko zote ni joka. Joka kabisa, lenye magamba, limekaa ofisini na sekretari wake.

Shangazi alipoliona mara ya kwanza alitaka kuitupa mashine chooni.

"Uchawi na kompyuta, tena kwenye nyumba yenye msalaba ukutani?"

Wiki ya pili alikuwa anavuta kigoda mapema kuliko sisi. Kiingereza hajui hata neno, Ignas ndiye aliyekuwa anamtafsiria. "Haya, shangazi, huyu anasema joka limenunua hospitali." Naye shangazi: "Likome! Mpige!"

Sasa, kila mchezaji ana safari yake, na ili uendelee nayo mashine inakudai neno la siri. Visanduku saba, herufi saba. Neno unaliweka mwenyewe siku unayoanza, na hulibadilishi tena. La kwangu lilikuwa MAHINDI. Ignas alilikisia siku ya kwanza, akaingia, akauza silaha zangu zote. Nililia siku mbili.

La kwake sikulijua kamwe. Mwaka 2011 nilibadilisha betri ya kaseti, kabetri kadogo kama kifungo cha shati, na kwa ujinga wa fundi anayejifunza nikafuta kumbukumbu yote. Ignas hakunigombeza. Alianza upya siku ileile, kwa neno jipya, na akanigeuzia mgongo nisije nikachungulia.

Na hapa ndipo pa kuungama. Kiapo changu cha kaburini nilikivunja kabla maua hayajanyauka. Nilijaribu kuingia, tena mara nyingi. Nilianza na jina langu, SIXBERT. Lina herufi saba, lilijaza visanduku vizuri, nami nilitaka sana liwe hilo. Mashine ikakataa. Nikajaribu ESTERIA. Nikajaribu MWALIMU, maana ndiyo kazi aliyokuwa anaipenda. Nikajaribu TUNDURU, alikofundisha miaka yake ya mwanzo. Jina la marehemu mama, Kunegunda, halikuenea kwenye visanduku. Hata nyumbani kwangu jina hilo halikupata nafasi, lakini hayo yana mahali pake.

Kwa hiyo aliyeongeza zile saa mbili na nusu alikuwa mtu anayelijua neno. Kaka yangu, aliyenificha mimi miaka kumi na minne, alimwambia mtu mwingine. Nilitaka kujua ni nani. Hicho tu ndicho nilichokitaka, na laiti ningejua kuacha.

Jumatatu nikaanzia nyumbani. Mke wangu Noela alikuwa uani anachambua maharage, ungo umelala mapajani.

"Mama Benigna, nani amewasha ile mashine?"

"Mashine gani?"

"Ya kaka."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo, kisha ukaendelea. Niliuona mkono ule, wasomaji wangu. Niliuona na nikaupita, kwa sababu mtu hamtazami mke wake kwa macho ya askari.

"Mimi na hayo madude yenu?" akasema. "Miaka kumi ya ndoa, umewahi kuniona nimeishika hiyo pedi?"

Kweli sijawahi. Ignas akija likizo na mashine yake begani, Noela alikuwa anajifungia jikoni. Akipita sebuleni anageuza uso kama tunaangalia mambo ya aibu. Mara ngapi nimemwomba kaka radhi kwa niaba ya mke wangu! Naye ananijibu, "Mwache, mdogo wangu. Si kila mtu anapenda gemu."

"Nyumba hii ina funguo tatu," Noela akaendelea, macho kwenye maharage. "Wako, wangu, na wa Calvin."

Yeye ndiye aliyelitaja jina hilo. Naomba mlishike.

Calvin ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Pale sokoni mimi natengeneza redio na televisheni, yeye anauza chaja na makava ya simu, meza yake imegusana na yangu. Maboksi yake ya bidhaa yanalala stoo kwangu, ndiyo maana ana ufunguo. Siku ya mazishi ya Ignas, Calvin ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa.

Mtu wa namna hiyo nilimwendea mbele ya wateja.

"Calvin, neno ni lipi?"

"Neno gani, Baba Benigna?"

"Usijifanye mjinga. Neno la Ignas. Umeingia kwangu Jumapili tukiwa misa ya kwanza, umecheza safari ya marehemu."

Alinitazama kama anasubiri nicheke. Sikucheka.

"Mimi nicheze? Kaka yako alinifukuza kwenye hilo gemu tangu nilipomuuza mganga wake nikanunua bastola. Hata pedi sikumbuki inashikwaje."

"Jumapili uliingia, hukuingia?"

"Niliingia kuchukua boksi la chaja. Mkeo alinifungulia mwenyewe. Muulize."

Hapo nilipaswa kunyamaza, nikarudi nyumbani, nikauliza. Badala yake nikasikia mke wangu anasingiziwa.

"Usimwingize mke wangu kwenye wizi wako!"

"Wizi?" Calvin akasimama. Leonce, fundi cherehani wa meza ya pili, akasimamisha mguu kwenye pedeli. Soko zima likapunguza sauti. "Wizi wa nini, Sixbert? Nimeiba dakika?"

"Umemwibia marehemu. Ni mwizi wa marehemu wewe."

Nilisema hivyo. Kwa kinywa hiki hiki ninachopokelea komunyo.

Calvin hakunirukia. Afadhali angenirukia. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wangu, akauweka juu ya meza yangu taratibu, katikati ya skrubu.

"Siku utakapomjua mwenyewe," akasema, "usije hapa kuniomba msamaha. Nitakuja mimi kwako. Sitaki uje umeinamisha kichwa mbele ya hawa hawa uliowaita kuniangalia."

Alasiri ile ile alikodi bajaji, akahamisha maboksi yake yote.

Mimi nikajiona mshindi aliyedhulumiwa. Nikampigia simu shangazi Esteria kule Mjimwema, ili Jumamosi aje asikilize kesi, yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kesi ya nini?"

"Kuna mtu amelijua neno la Ignas. Lile la kwenye mashine."

Nikadhani simu imekatika.

"Amelijua nani?" akauliza.

"Calvin."

Akavuta pumzi. "Calvin," akarudia, sauti imelegea kama mtu aliyetua kuni. "Haya. Nitakuja Jumamosi."

Wiki hiyo nyumbani tuliishi vizuri, tena vizuri mno. Noela alinipikia ugali na mbelele, wale samaki wa Ziwa Nyasa, mara mbili. Usiku mmoja aliniambia, "Pole kwa rafiki yako, Baba Benigna. Binadamu hawaaminiki." Nikamshukuru. Hebu fikirieni, nilimshukuru.

Jumamosi ikafika. Noela akafunga kitenge chake cha jumuiya, akachukua rozari, akaenda kusali na wenzake. Shangazi alikuwa bado hajafika. Nikaona nimtayarishie ushahidi, nikawasha televisheni ya chogo, nikachomeka kaseti. IGNAS. Saa arobaini na tatu na dakika hamsini. Visanduku saba vikafunguka vinanisubiri.

Mwanangu Benigna, wa miaka minane, akaja akakaa ubavuni kwangu. Alikuwa ameshika daftari lake la kuandika majina ya vitu.

"Baba, hapo unaandika nini?"

"Naandika neno."

"Neno gani?"

"Silijui, mama."

Akahesabu visanduku kwa kidole. "Viko saba. Na jina langu lina herufi saba. Mwalimu alituambia tuhesabu." Akanitingisha goti. "Andika jina langu, baba. Andika Benigna."

Nikacheka. Siku tano nilikuwa sijacheka. Nikasogeza mshale nimfurahishe mtoto. Yeye akawa anaita, mimi nabonyeza. B. E. N. I. G. N. A.

Mashine ikaimba ule wimbo mfupi ambao sikuwa nimeusikia tangu kaka alipokuwa hai.

Mlango wa gemu ukafunguka.

"Imekubali!" mtoto akapiga makofi. "Baba, imelijua jina langu!"

Nikamwambia akacheze kwa jirani. Sijui nilimwambia kwa sauti gani, maana aliacha na daftari lake sakafuni.

Neno lile liliwekwa mwaka 2011. Noela nilimwoa 2015. Mtoto alizaliwa 2017. Hesabu hizo nilizirudia na kuzirudia kama mtu aliyepewa majibu mabaya ya hospitali, nikitumaini nimekosea mwaka.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi yake mzaa baba. Haliulizwi, linasubiri tu mtoto. Mwanangu alitakiwa aitwe Kunegunda, jina la mama yangu. Lakini siku ile wodini Noela alimkumbatia mtoto akasema, "Huyu ni Benigna." Nikamuuliza Benigna ni nani kwenu? Akasema hakuna, amelipenda tu, ni jina la mtakatifu. Nikakasirika, nikawaita wakubwa.

Ignas, mtoto wa kwanza wa Kunegunda, ambaye ndiye alitakiwa kulipigania jina la mama, alisema, "Mwacheni mwenye uchungu ampe mwanawe jina analolitaka." Kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Shangazi Esteria, anayeweza kununa mwezi mzima kwa sababu hukumkaribisha maji, siku hiyo hakusema neno.

Mimi nikaona familia yangu ina hekima.

Na tangu siku hiyo jina langu likafa. Sokoni, kanisani, kitandani, kila mtu ananiita Baba Benigna. Kumbe miaka minane watu wananiita kwa neno la siri la kaka yangu, nami naitika.

Nilitazama kioo. Ignas amesimama mbele ya geti la joka, mvua inamnyeshea. Nyuma yake wamesimama wenzake wawili. Kwenye gemu lile wenzako unawapa majina mwenyewe. Wa kwanza ni askari mwenye mkono wa chuma, ameandikwa SIX. Nikajisikia kulia kwa furaha hapo hapo nilipokuwa naumia: kaka alikuwa anasafiri na mimi.

Wa pili ni mganga, mwanamke, waya unaning'inia shingoni. Ameandikwa NOE.

Nikabaki pale pale mbele ya kioo mpaka niliposikia ndala mlangoni.

"Baba Benigna, mbona mtoto yuko kwa jirani pe..."

Akakiona kioo. Rozari ilikuwa bado imezungushwa mkononi mwake.

"Karibu," nikasema. "Mlango umefunguka. Nimeandika jina la mwanangu."

Hakuuliza mlango gani. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, kitenge chake cha jumuiya kimemshuka begani.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Nani alikufundisha kucheza?"

"Mwalimu." Alikuwa anamwita Ignas mwalimu, kama walivyomwita watu wote kwao Nakapanya, kule Tunduru, alikokuwa anafundisha. "Muhula ukianza alikuwa anaibeba mashine mpaka kwenye nyumba yake ya shule. Mimi nilikuwa napeleka maziwa. Nikaanza kukaa kuangalia. Halafu akanipa pedi."

"Mwaka gani?"

"Unaujua mwaka."

Nikaujua. Nikakumbuka pia ni nani aliyenitafutia mke. Ni Ignas. Alirudi likizo akaniambia, "Mdogo wangu, Nakapanya kuna binti mmoja, ametulia, nenda kamwone." Nilijiona nimependwa kupita kiasi. Kaka hajaoa, lakini ananitafutia mimi kwanza! Kwenye harusi yangu nilimwinua juu juu mbele ya watu nikimshukuru.

Nilikuwa na swali moja nisilotaka kuliuliza. Nikauliza hivyo hivyo.

"Mtoto ni wa nani?"

Noela akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa na hasira.

"Mtoto ni wako, Sixbert. Mtazame masikio. Tangu niingie nyumba hii sijamgusa mwanamume mwingine, na huyo marehemu hakunigusa hata mkono wa salamu, alikuwa ananisalimia kwa mbali. Mtoto ni wako. Jina ndilo si lako."

"La nani?"

"Letu. Tulikuwa tumelichagua, mimi na yeye. Kwamba tukipata wa kwanza wa kike."

Ningemgombania na nani? Mwizi wangu yuko kaburini, na Novemba ikifika mimi ndiye nitakayempalilia.

"Calvin," nikasema. Ndilo neno lililotoka. "Ulinitupia Calvin."

"Niliogopa."

"Uliniangalia nikimpoteza, ukanipikia mbelele."

Akafunika uso. Nilifurahi kumwona anaumia, na nasema hivyo nikijua mapadre nao husoma gazeti. Chuma changu cha kulehemu kilikuwa juu ya kabati. Kuitoa ile betri ni kazi ya sekunde mbili, na Ignas angefutika na jina lake, na geti lake, na mganga wake. Nilikitazama chuma. Noela alikiona ninachokitazama.

"Usimfute," akasema. "Nakuomba. Mie sina kingine chake."

"Saa mbili na nusu ulifanya nini humo ndani?"

"Bonyeza geti uone."

Nikabonyeza. Joka likatokea kwenye kioo, limevaa tai, likaandika maneno yake kwa Kiingereza. Nami Kiingereza cha gemu lile nakijua kuliko sala. Linasema: atakayepita hapa aache mwenzake mmoja, na huyo hatarudi. Chini yake majina mawili, SIX na NOE, na mshale.

Mshale ulikuwa umesimama juu ya jina langu.

"Alisimama hapo miaka yote," Noela akasema. "Hakuweza kupita. Nilikuwa najiuliza kila siku alimchagua nani. Jumapili nikasema niingie nimwone tu. Nikazunguka mji mzima nikitafuta njia nyingine, njia ya wote watatu kupita. Nimeingia kila jengo, nimeongea na kila mtu. Hakuna."

"Na huu mshale? Ignas alinichagua mimi niachwe?"

Akazungusha rozari mkononi.

"Noela. Kaka yangu alitaka kuniacha mimi?"

"Hapana." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Yeye alikuwa ameuacha juu ya jina langu. Nimeuhamisha mimi."

Nimepigwa mara nyingi maishani, mmesoma wenyewe wiki hizi nne. Hili halikufanana na mengine. Kaka yangu alichagua kubaki na mimi, na mke wangu ameingia kwa siri, Jumapili, mimi nikiwa kanisani naimba besi nikidhani naye yuko misa, akabadilisha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye alichagua mara moja, na hakuniuliza."

"Basi mliachana, mkaniona mimi ndiye jalala la..."

"Hatukuachana!" Noela akasimama, rozari ikaanguka juu ya daftari la mtoto. "Hatukuwahi kuachana, Sixbert. Barua ya posa ilikuwa imeshaandikwa, jina lake liko juu. Ikaletwa ikiwa na jina lako. Mimi sikuachwa. Nilikabidhiwa."

"Na nani?"

Hodi ikapigwa mlangoni.

Nilikuwa nimemsahau kabisa niliyemwita mwenyewe. Shangazi Esteria aliingia bila kusubiri karibu, mkoba kwapani, kilemba cha Jumapili kichwani, amekuja kusikiliza kesi ya Calvin. Akasimama katikati ya sebule. Akaliangalia lile joka lenye tai. Kiingereza hajui hata neno, lakini alitazama mshale ulipokaa kama mtu anayesoma saa ukutani.

Akavuta kigoda, akakaa, akatua mkoba miguuni. Hakunitazama mimi. Alimtazama Noela.

"Umemwambia la jina tu," akauliza, "au na lile lingine?"

Nilikuwa bado sijamwamkia.